Kidani cha Bibi na Maji ya Ndimu

Siku tatu kabla ya harusi ya binti yangu, nilitoa kidani cha lulu cha marehemu bibi kabatini nikakitia kwenye maji ya ndimu. Nilikuwa na haraka, lakini moyo wangu ulikuwa safi. Kwetu Unguja bangili za fedha husuguliwa kwa ndimu au ukwaju mpaka zing'ae, na sinia za shaba vivyo hivyo. Kidani kilikuwa kimefifia, uzi wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mimi sikutaka mwanangu akae mbele za watu na kitu kilichochakaa. Nikakamua ndimu tano kwenye kikombe kikubwa, nikakitumbukiza. Ncha mbili niliziacha zining'inie nje, kishikizo cha dhahabu kisilowe. Nikaenda jikoni kuchambua mchele.

Niliporudi kuchungulia niliona vipovu vidogo sana vimezishikilia lulu za chini. Nikafurahi, nikidhani uchafu unatoka. Nikakiacha kidani mpaka alasiri.

Aliyekitoa ni shangazi. Aliingia, akasikia harufu ya ndimu chumbani mahali pasipo chakula, akauliza, "Mwanangu, umetia nini humo?" Kabla sijajibu alishatia mkono kikombeni. Lulu za ncha zilikuwa kama zilivyokuwa. Lakini za katikati, zile kubwa ambazo jicho huzitafuta kwanza, zilikuwa nyeupe kavu kama chaki. Tulizihesabu pamoja: kumi na moja kati ya hamsini na saba. Shangazi alizifuta kwa ncha ya kanga yake, akazifuta tena, mng'ao haukurudi. Akakaa kitandani. "Mama hakuwahi kuzitia hata sabuni," akasema, na tangu hapo mpaka magharibi hakusema nami neno.

Kumbe lulu si jiwe. Chaza huifanya mwilini mwake, tabaka juu ya tabaka, kwa kitu kilekile kilichomo kwenye ganda la yai na kwenye matumbawe ambayo wazee waliyachoma wakapata chokaa ya kujengea Mji Mkongwe. Ukali wa ndimu huvila vitu hivyo vyote. Weka ganda la yai kwenye siki siku moja au mbili, utakuta ngozi laini tu. Vile vipovu nilivyovifurahia vilikuwa ni lulu yenyewe ikiyeyuka.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka bibi alivyokuwa akijiandaa kwenda shughulini. Kwanza alijifukiza udi, kisha akapaka mafuta ya nywele, kisha manukato, akavaa nguo, akajitazama. Mwisho kabisa, akiwa karibu na mlango, ndipo alipomwita mmoja wetu amfungie kidani. Akirudi, hata buibui hajavua, alikivua kidani kwanza. Alikipangusa kwa kipande cha kanga kuukuu, wakati mwingine akikilowesha kidogo kwa maji matupu, akakiacha kikauke, kisha akakilaza kwenye kifuko cha pamba. Hakukining'iniza kamwe. Sisi watoto tulidhani ni desturi za uzee. Sasa naona kila hatua ilikuwa na sababu: manukato na mafuta huifubaza lulu, jasho huila polepole, na uzito ukining'inia huuvuta uzi.

Nami niliyerithi nilifanya nini? Nilikitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko nikautia kwenye kopo la biskuti, kopo nikalipandisha juu ya kabati, miaka ishirini. Niliita huko kukienzi. Lulu ina maji kidogo ndani yake, na ikifungiwa hivyo muda mrefu hukauka, hata kupata nyufa. Bibi aliyekivaa karibu kila Ijumaa alikitunza kuliko mimi niliyekificha.

Asubuhi tukaenda kwa sonara, mimi na shangazi, njia nzima tukizungumza habari za wali tu. Sonara wetu ni mzee, naye hakunilaumu. Alikipeleka kidani dirishani, kwani lulu hutazamwa kwa mwanga wa mchana. Alizisugua mbili taratibu, moja kwa nyingine, akasikiliza vidole vyake. Ya kweli hukwaruza kidogo, kama mchanga laini mno. Ya bandia huteleza kama kioo. "Hizi ni za kweli," akasema. Shangazi akavuta pumzi. Kisha sonara akachukua lenzi akachungulia ndani ya tundu la mojawapo ya zile zilizoharibika, akachungulia na ya pili. "Lakini si za kupigiwa mbizi. Hizi zimefugwa. Nauona mstari, hapa tabaka la lulu, hapa punje ya kombe iliyopandikizwa. Nadhani ni za Japani."

Nyumbani kwetu kidani hicho kimeitwa lulu za Bahareni tangu babu, aliyekuwa baharia wa meli, alipokileta. Tulikua na hadithi ya wapiga mbizi wa Ghuba, pumzi moja na kamba kiunoni. Wapiga mbizi hao walikuwepo kweli, lakini lulu za kufugwa za Japani zilipoenea sokoni miaka ya 1920, na baada yake mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, kazi yao ilivunjika. Babu alianza safari zake baada ya hapo. Nilimtazama shangazi nikihofia pigo la pili. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi hata Japani kuna bahari."

Habari ile ilikuwa na uzito mwingine. Lulu ya asili ni tabaka tupu mpaka kiini, na fundi hodari anaweza kujaribu kuibandua ngozi iliyokufa akafikia iliyo hai chini yake. Ya kufugwa ya aina ile, tabaka lake mara nyingi halifiki milimita moja, na nusu yake pengine nilishaila kwa ndimu zangu. Zile kumi na moja hazikuwa na dawa.

Sonara aliuvuta uzi kidogo kuupima, ukakatika mikononi mwake. Alikuwa ametandika kitambaa chenye kingo, hakuna iliyopotea, lakini nilisisimka mwili mzima: zingemwagika ukumbini, chini ya miguu ya wageni mia mbili. Akatuonyesha kwamba uzi ule haukuwa na fundo hata moja kati ya lulu na lulu. Alizitunga upya kwa hariri, akipiga fundo kila baada ya moja, ili zisisuguane, na uzi ukikatika iponyoke moja tu. Mafundo yale yaliongeza urefu. Arubaini na sita zilizobaki zikawa kidani kifupi kinachokaa kooni, na kwa shingo ya binti yangu kilipendeza kuliko kile kirefu. Akatuagiza tukirudishe kitungwe upya kila mwaka au miwili kikivaliwa sana.

Siku hiyohiyo nikapanda daladala kwenda upande wa Fumba na Bweleo, ambako akina mama hufuga chaza. Hubandika vikuba vidogo ndani ya kombe, wakawatundika chaza baharini kwa kamba, na baada ya karibu mwaka, wakati mwingine zaidi, hupata lulu nusu, yenye mgongo wa mviringo na tumbo bapa. Ndiyo aina aliyoipata kwanza mfugaji lulu Mikimoto Kokichi kule Japani mwaka 1893. Nilichagua herini za siku ya harusi. Mama mmoja alinifundisha kutazama mng'ao kabla ya ukubwa: shika lulu mwangani uone kama ukingo wa mwanga umekatika wazi au una ukungu. Mbili zangu zilikuwa na rangi ya kijivu inayopita kwenye waridi, na moja ina kidoa kama tundu la sindano. Sikuirudisha. Ndivyo chaza alivyoifanya.

Harusi ilipita salama. Zile kumi na moja zimo kwenye karatasi ya sonara, ndani ya mkoba wangu.

Fungate ilipokwisha binti yangu alikuja kutuamkia, Jumanne, na gauni la kawaida la nyumbani, na kidani kooni. Shangazi hakumuuliza kwa nini amekivaa siku ya kazi. Binti yangu alipotaka kuoga, alikivua kwanza. Shangazi akampa kipande alichokichana kwenye kanga ya mama yake. Binti yangu akazipangusa moja moja, akihesabu kwa sauti ndogo mpaka arubaini na sita, akazilaza kwenye kifuko.