Karibuni Marekani, Mkishathibitisha Kwamba Hamtaki Kubaki

Kwa Ofisi ya Masuala ya Elimu na Utamaduni,
Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani,
Washington.

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, nawaandikia kutoka Mombasa kuwashukuru kwa juhudi zenu za kutaka vijana wa dunia wajuane. Shukrani hizi zimechelewa kidogo. Nilikuwa nafungua kwanza akaunti zangu zote za mitandao ya kijamii, maana tangu Juni 2025 hiyo ndiyo adabu mpya kwa anayeomba viza ya masomo au ya mabadilishano, nami sikupenda kubisha hodi nikiwa nimejifunika uso.

Mradi wenu una asili njema. Mwaka 1945 Seneta J. William Fulbright wa Arkansas alitazama mali za vita zilizobaki katika nchi za watu, akapendekeza ziuzwe na pesa zisomeshe. Masalio ya vita yakageuka karo; sijui serikali iliyowahi kufanya biashara ya halali kuliko hiyo. Ni kweli pia kwamba mwaka 1956 seneta huyohuyo alitia sahihi tamko la wabunge wa majimbo ya kusini waliopinga watoto weusi na weupe kusoma shule moja. Lakini tusimchimbe marehemu. Huenda alitaka Marekani ielewane na dunia nzima kwanza, na watoto wa Arkansas wasubiri zamu yao.

Wakenya nasi tuna kumbukumbu zetu. Septemba 1959 mwanasiasa wetu Tom Mboya alipeleka kwenu wanafunzi 81 kwa ndege moja, nauli ikiwa imechangishwa na watu kama Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson. Mwaka uliofuata waliotaka kusafiri walikuwa wengi zaidi, na Wizara yenu ilipoombwa nauli ikasema haina. Mboya akaenda kwa John Kennedy, aliyekuwa akiwania urais, na wakfu wa familia yake ukaahidi dola 100,000. Makamu wa Rais Nixon, mpinzani wake, akaingilia kati, na Wizara nayo ikagundua kwamba kumbe ilikuwa na dola 100,000. Tangu hapo sisi huwaombea uchaguzi kila mwaka. Miongoni mwa waliokwenda mwaka huo 1960 ni Wangari Maathai, aliyesomea Kansas, akarudi nyumbani, akapanda miti, na mwaka 2004 akapewa Nobel ya Amani. Najiuliza angejibu nini leo kwenye dirisha la ubalozi wenu Gigiri akiulizwa ana kitu gani cha kumrudisha Nyeri.

Maana hapo ndipo ninaposhindwa kuwafuata, waheshimiwa. Sheria yenu ya uhamiaji ya 1952, kifungu cha 214(b), inamhesabu mwombaji kuwa mhamiaji mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Basi mkono mmoja wa Wizara unamwandikia kijana barua tamu kwamba yeye ni kiongozi wa kesho na daraja kati ya mataifa. Mkono wa pili, wa Wizara hiyohiyo, unampokea kwenye kioo na kumuuliza atarudi lini. Aonyeshe kinachomfunga kwao: kazi ya kudumu, familia, mali, pesa benki. Kijana wa miaka 22 mwenye hatimiliki ya shamba, mke, watoto na akiba nono si kijana huyo, ni baba yake. Na baba yake hakuomba kwenda kusoma.

Wakati huohuo Wizara hiyohiyo imeendesha kwa miaka mingi bahati nasibu ya kuhamia kwenu moja kwa moja, chini ya sheria ya 1990, na kila Oktoba vibanda vya intaneti vya miji yetu vilijaa watu wanaopigwa picha za kujazia fomu. Nimejitahidi kuelewa. Aliyesema wazi kwamba anataka kuhama alichaguliwa na kompyuta isiyomjua. Anayesema anataka kusoma miezi tisa kisha arudi anashukiwa kuwa mwongo. Mkweli gani atavuka hapo?

Lakini sitaki mdhani kwamba sikuona mazuri. Napenda hasa mpango wenu wa au pair, unaosimamiwa na ofisi yenu, ofisi ya elimu na utamaduni. Kijana wa miaka 18 hadi 26 anatoka kwao, anakaa katika nyumba ya Mmarekani na kulea watoto hadi saa 45 kwa wiki. Posho yake ya chini mmeikokotoa kwa uangalifu mkubwa: kima cha chini cha mshahara cha dola 7.25 kwa saa, zidisha kwa 45, toa asilimia 40 ya chakula na malazi, inabaki dola 195.75. Hizo senti 75 ndizo zilizonigusa. Mtu wa kawaida angezifumbia macho, lakini utamaduni ni hesabu kamili. Kwa upande wa elimu, familia huchangia hadi dola 500 kwa mwaka, naye ajitafutie darasa mtoto akishalala. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi mmempunguzia mgeni uvivu wa siku mbili za kwanza. Huku kwetu dada anayekwenda Ghuba kufanya kazi hiyohiyo tunamlilia uwanja wa ndege. Laiti mawakala wake wangejua kwamba wanasafirisha mabalozi wa utamaduni!

Nilisikia pia kwamba Juni 2025 karibu wajumbe wote wa bodi ya ufadhili wa masomo wenye jina la Fulbright walijiuzulu, wakilalamika kwamba watu waliokwisha kuchaguliwa walinyimwa nafasi na serikali. Poleni. Natumaini walionyesha ushahidi kwamba watarudi makwao.

Sasa ombi langu, kwa moyo wa usawa. Mmarekani anayekuja kututembelea hujaza fomu mtandaoni, akiwa kitandani kwake, akapata idhini bila kuonana na mtu. Huu ni ubaguzi dhidi yake. Ananyimwa raha ya mahojiano. Naomba mtusaidie kufungua dirisha kwa ajili ya vijana wenu wanaotaka kujifunza Kiswahili pwani. Mwombaji afike alfajiri na dola 185 zisizorudishwa. Alete hatimiliki ya shamba la mahindi Iowa, barua ya chifu wa Iowa, na ushahidi kwamba hana nia ya kuoa wala kuolewa Diani. Tusichukue hatari: wapo waliokuja kwa muhula mmoja, na leo wana nyumba Lamu, punda wawili, na maoni makali kuhusu bei ya samaki. Atakayeulizwa kwa nini asijifunze Kiswahili hukohuko kwao, akababaika, apewe karatasi yenye nambari ya kifungu na aambiwe yuko huru kuomba tena, kwa dola nyingine 185.

Wenu katika kujenga madaraja,
Mkaazi wa Mombasa

Tanbihi: Katika video ya harusi iliyo kwenye ukurasa wangu, anayepaza sauti kuhusu siasa za Marekani huku ameshika sahani ya biriani ni shemeji yangu. Yeye haombi viza. Alishinda ile bahati nasibu, anaishi Minnesota.