Ati Wanajitenga
Wanawake weusi wa kazi za sanaa wakikutana sebuleni, utasikia: ati wanajitenga. Mwaka 1977, Alice Walker na June Jordan waliwakusanya waandishi wenzao huko Brooklyn, nyumbani kwa Jordan, Toni Morrison akiwemo; wakala mchuzi wa gumbo, wakajadili namna ya kuvipigania vitabu vya wanawake weusi. Vikao vya wahariri vilivyojaa wanaume weupe watupu, hivyo havikuitwa kujitenga, viliitwa kazi. Basi si wangefanya kongamano, liwe wazi kwa wote? Wangefanya, naam, na mgeni rasmi angehutubia kwa saa mbili. Lakini nani amtaje mchapishaji dhalimu mbele ya chai aliyoilipia yeye? Sebuleni kila mtu hutaja alicholipwa, na aliyepunjwa hujijua kabla wali haujapakuliwa.