Kwa Mgeni Rasmi wa Machi 20

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Nakuandikia mapema, kabla hujavishwa fulana ya Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani. Hotuba yako tunaijua: tupige mswaki mara mbili kwa siku, tule matunda, tumwone daktari wa meno kila baada ya miezi sita hata kama hatuumwi.

Hapo kwenye "hata kama hatuumwi" ndipo fizi zetu hucheka mpaka zikatoka damu. Kibarua anayelipwa kwa siku aache kazi, apande daladala mbili, apange foleni tangu alfajiri, halafu amwambie daktari kwamba haumwi popote? Mkewe atamtafutia hospitali ya aina nyingine.

Na maradhi ya fizi ndivyo yalivyo, hayapigi kelele. Ukoga ukiachwa unageuka ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki. Sharti ukwanguliwe na mtaalamu. Usipokwanguliwa, fizi inaachana na jino, mfupa unalika, jino linaanza kucheza. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu bilioni 1 waliofikia hatua hiyo mbaya. Sigara na kisukari huchochea, na fizi zikiharibika kisukari nacho hukataa kushuka. Watafiti wa nchi tajiri na maskini wamekuta ngazi ileile: kipato na elimu vikishuka, fizi nazo zinashuka. Ninyi ngazi hiyo mnaiita "uelewa mdogo wa jamii".

Kwa kuwa kwenye vituo vyetu vingi huduma ya meno maana yake ni koleo, naomba tuache kuzungukana. Kijana akitimiza miaka 18 na kwenda kupigwa picha ya kitambulisho cha taifa, ang'olewe yote 32 hapohapo, maana foleni ameshapanga. Meno ya bandia yagawiwe wakati wa kampeni, pamoja na kofia na kanga. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, lakini wahenga hawakuwahi kugombea ubunge.

Lipo na pendekezo la pili: kila wilaya iwe na mashine nzima ya kukwangua ugaga na mtu wa kuitumia, na bima ilipie kazi hiyo kabla jino halijalegea. Nimeliweka mwishoni kwa sababu najua hilo ndilo mtakaloliona la kichaa.

Wako mtiifu,
Mwananchi mwenye uelewa mdogo