Mji wa Reli Tatu

Dar es Salaam haina njaa ya reli. Inazo tatu, na hakuna hata moja inayoweza kuazima behewa kwa mwenzake. Ile aliyoianzisha Mjerumani mwaka 1905 ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, waliyotujengea Wachina, ina 1,067. Hii ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina 1,435.

Tofauti ya mbili za kwanza ni milimita 67: vidole vinne vya mtu mzima, basi. Kwa heshima ya vidole hivyo, mzigo unaotaka kuhama reli hushushwa Kidatu, ukapakiwa upya upande wa pili, kama bibi harusi anayebadilishwa kanga mlangoni. Mchumi huiita gharama. Kuli huiita riziki. (TAZARA tuisamehe: ilibidi ioane na reli ya Zambia. Jirani wa mbali alipimwa, wa nyumbani akasahauliwa.)

Siku hizi kila kikao cha uchukuzi cha kanda hii huisha kwa azimio la kuunganisha reli zetu. Wajumbe huja kwa ndege.