Klabu ya Wasomaji Wenye Panga

Mtu mzima mwenye kazi na rehani ya nyumba anaondoka Ijumaa jioni na begi refu ambalo dereva wa basi anadhani lina gitaa. Analala ukumbini kwenye godoro la kupuliza, Jumamosi na Jumapili anapigwa vidole kwa chuma na watu asiowajua, na kila akipigwa anasema asante. Huyo ana maelezo ya kutoa. Ulaya na Marekani Kaskazini watu wa aina hiyo ni maelfu. Hujikusanya wikiendi katika kumbi za michezo za shule, na wengine husafiri hadi Uswidi, kwenye mashindano ya Swordfish, ili kucheza na kujifunza mapigano ya kale ya Ulaya. Watazamaji wamekwisha kuwahukumu: ama ni watoto waliorefuka tu, ama ni watu wenye kiu ya ugomvi waliopata mahali pa kuituliza bila kuitiwa polisi. Mimi naona hukumu zote mbili zimepotea njia. Kinachofanyika katika kumbi zile ni usomaji wa vitabu, na zile ajali ndogondogo zinazowachekesha watazamaji ndizo mtihani wa usomaji huo.

Kijana anayejifunza kirumbizi pale Lamu ana bahati, maana wazee wapo. Siku za Maulidi anawaona wakicheza fimbo, anaona mguu unatua wapi na bega linageuka lini, na akikosea hakosi wa kumkosoa. Anayetaka kujifunza upanga mrefu wa mikono miwili, kama Wajerumani walivyoutumia katika karne ya 15, hana mzee wa kumwuliza. Kamba iliyomfunga mwalimu kwa mwanafunzi ilikatika kadiri bunduki zilivyotawala vita na panga nyembamba za mtindo mpya zilivyotawala mijini. Kilichobaki ni miswada. Wa kale kuliko yote inayojulikana uko Leeds, Uingereza, katika makumbusho ya Royal Armouries, nao huitwa kwa alama yake ya kumbukumbu, I.33. Ni wa mwanzoni mwa karne ya 14, na wanaopigana ndani yake kwa upanga na ngao ndogo ya mkononi ni padri na mwanafunzi wake. Mwishoni padri anakutana na mwanamke aitwaye Walpurgis, ambaye amefika bila utangulizi na anapigana vizuri tu.

Vitabu hivi havikuandikwa kwa ajili ya mtu wa leo, na vingine havikuandikwa ili vieleweke kabisa. Johannes Liechtenauer, mwalimu wa Kijerumani wa karne ya 14, mafundisho yake yametufikia kwa beti za mafumbo, zilizofumbwa kwa makusudi ili asiyestahili asiambulie kitu. Amefaulu kupita alivyotarajia. Waliokuja baada yake waliandika fafanuzi, lakini nao waliwaandikia watu waliokwisha kushika upanga, kwa hiyo yaliyokuwa dhahiri waliyaruka, na hayo yaliyorukwa ndiyo yanayotutoa jasho. Fiore dei Liberi, Mwitaliano aliyeandika karibu mwaka 1410 na kumtunukia kazi yake Niccolò III d'Este, mtawala wa Ferrara, ana huruma zaidi, kwani amechora. Mwalimu amevishwa taji na mwanafunzi amefungwa utepe chini ya goti, ili msomaji ajue nani anashinda hata kama haoni kwa nini. Ila katika picha moja panga mbili zimegusana, na katika picha inayofuata mtu mmoja kiwiko kimeshikwa na ncha ya chuma iko usoni pake. Kilichopita katikati Fiore hakukichora. Nafasi hiyo tupu, isiyozidi upana wa vidole vichache kwenye ngozi ya mswada, ndiyo inayojaza kumbi za michezo kila wikiendi.

Ndiyo maana darasa la kawaida katika mkusanyiko huo linamshangaza aliyekuja kutazama vita. Watu wamevaa tayari kwa mapambano, halafu wanasimama nusu saa wakibishana kama mguu wa kushoto unatangulia upanga au unaufuata. Mmoja ana karatasi, mwingine ana tafsiri tofauti na karatasi hiyo, wa tatu anasema wote wawili wamesoma nakala mbaya. Kwa maprofesa ubishi wa namna hii hudumu miaka thelathini na huishia kwa waandishi kutosalimiana. Hapa hudumu mpaka mtu aseme, haya, tujaribu. Aliyesoma vibaya hupigwa, wakati mwingine mara tatu mfululizo na mahali palepale, na alama ya buluu kwenye mkono wake inakuwa pingamizi asiloweza kulijibu kwa makala.

Kwamba kusoma kwa macho peke yake hakutoshi, historia yenyewe ni shahidi. Mwaka 1885 Egerton Castle alitoa kitabu kikubwa, *Schools and Masters of Fence*, akikusanya karne nyingi za walimu wa upanga. Hakuwa mvivu wala hakuwa mtu wa mezani tu. Yeye na Kapteni Alfred Hutton walizishika silaha za kale na kuzionyesha majukwaani London. Lakini alisoma akiwa ameshaamini kwamba sanaa hii ilipanda ngazi kutoka ushenzi hadi ustadi wa zama zake, na kwamba watu wa zama za kati walitegemea nguvu zaidi ya akili. Imani ya aina hiyo ndiyo iliyolisha hadithi, hai hadi leo, kwamba upanga wa askari wa farasi wa zama za kati ulikuwa mzigo wa kuinuliwa kwa kuomba Mungu. Panga ndefu zilizobaki nyingi zina uzito wa kati ya kilo 1.1 na 1.8, paketi ya sukari ya kilo mbili ni nzito zaidi. Mtu akishaushika upanga wenye vipimo hivyo na kuuzungusha, hahitaji tena kushawishiwa kwamba wale watu walikuwa na mbinu. Anahitaji nafasi tu, na dari iliyo juu kiasi cha kutosha.

Utaniambia kwamba tabu nyingi za wikiendi ile hazina uhusiano wowote na elimu, ni tabu za mavazi. Ni kweli kwamba vazi linalozuia upanga huzuia na mambo mengine mengi. Pua huanza kuwasha dakika ileile kofia ya wavu wa chuma inapofungwa, na glavu nene kama zile haziwezi kukuna kitu wala kufungua chupa ya maji. Koti lililojazwa pamba lenye zipu mgongoni linamlazimu mwenye haja ya kwenda msalani kuomba msaada wa mtu aliyempiga kichwani muda mfupi uliopita. Harufu ya glavu siku ya pili sitaieleza, kwa heshima ya msomaji anayekula. Lakini hata humu kuna somo. Fiore na walimu wa Kijerumani wanatenga mafunzo ya mtu aliyevaa dereya kamili na yale ya asiyevaa, na kwa aliyevaa wanafundisha kushika upanga wenyewe katikati ya bapa ili ncha iingizwe kwenye mianya ya chuma. Kwa anayesoma sebuleni huo ni wendawazimu. Aliyeshinda mchana mzima ndani ya koti na kofia, akijua kwa mwili wake ni wapi pamezibwa na ni wapi pamebaki wazi, anaelewa kabla ukurasa haujaisha.

Pingamizi lenye uzito ni jingine. Fiore anasema alipigana mara tano kwa panga zenye makali, dhidi ya walimu wenzake aliokataa kuwafunza, akiwa na koti la pamba na glavu za ngozi tu. Mtu huyo aliandika akiijua hofu. Mchezaji wa leo ana kofia ya chuma, kinga ya koo, na ahadi ya chakula cha mchana, kwa hiyo hufanya jambo ambalo Fiore asingelifanya: hujirusha mbele na kumpiga mwenzake wakati ambapo na yeye anapigwa. Kwa panga kali wote wawili wangezikwa siku moja. Hapa wote wawili wanatazama waamuzi wakisubiri alama. Basi wanajaribu nini, kama kinachokosekana ni kifo chenyewe?

Nakubali nusu ya pingamizi hilo. Hofu haiazimwi, na hakuna kanuni inayoweza kuitia mtu moyoni. Waandaaji wamejaribu: katika mashindano mengi aliyepigwa hupewa nafasi fupi ya kurudisha pigo, na likifika, faida ya mpigaji wa kwanza inapungua au inafutwa, na kwingineko wote wawili huadhibiwa wakiuana pamoja. Ni afadhali kuliko mchezo wa epee wa Olimpiki, ambao tangu 1936 hutumia kifaa cha umeme kuhesabu mapigo: ukiuawa huku unaua kwa wakati mmoja, kila mmoja anapata alama yake. Nusu nyingine siikubali. Jaribio lisilo na hofu haliwezi kuthibitisha kwamba umemsoma Fiore sawasawa, lakini linaweza kuonyesha kwamba umemsoma vibaya. Mbinu isiyofanya kazi dhidi ya mtu aliyetulia, aliyevaa pamba na anayecheka, haitafanya kazi dhidi ya mtu anayetaka kukuua. Usomaji mbovu hufia hapo ukumbini, na kuua usomaji mbovu ni kazi ya maana ambayo taaluma nyingi haziiwezi.

Wanaosema kwamba hawa wanaabudu ukatili wangefungua mswada wa Hans Talhoffer wa mwaka 1467. Humo kuna kesi ya mwanamume na mwanamke inayoamuliwa kwa mapigano: mwanamume yumo shimoni hadi kiunoni akiwa na rungu, mwanamke yuko juu na jiwe lililofungwa kwenye kitambaa. Kurasa hizo husomwa kwa makini na kujadiliwa kwa saa nyingi, na sakafu ya ukumbi wa shule hubaki salama. Hasira iliyopo katika sanaa hii ni ya kitaaluma, nayo ni ya zamani. Mwingereza George Silver, aliyewachukia walimu wa Kiitaliano waliovuma London, alitangaza yeye na ndugu yake Toby kwamba watapambana hadharani na Vincentio Saviolo na mwenzake. Kwa maelezo ya Silver mwenyewe, Waitaliano hawakutokea. Mwaka 1599 akawamaliza kwa kitabu.

Kwamba ni mchezo wa wenye pesa, hilo silipingi. Kofia, koti, glavu na upanga butu vikijumlishwa ni bei ya pikipiki iliyotumika, na anayeanza hujikuta amenunua glavu mara mbili kwa sababu zile za kwanza zilikuwa za bei rahisi. Wala si balaa jipya. Joachim Meyer, mfua visu wa Strasbourg, alichapisha mwaka 1570 kimoja cha vitabu kamili kuliko vyote vya sanaa hii, akabaki na deni la uchapishaji, na akafariki mwaka uliofuata kabla ya kulimaliza.

Kwa hiyo, wewe unayeishi huko ughaibuni ukialikwa na mwenzako wa kazini, nenda. Uliza mapema ni mswada gani utakaosomwa, na uusome, kwa sababu mingi inatazamwa bure siku hizi. Begi likiulizwa kwenye treni, sema ukweli kwa utaratibu na usilifungue kuonyesha. Nunua glavu nzuri kabla ya kununua upanga: panga za kuazima zimejaa kila ukumbi, lakini glavu inayokutosha hutaikuta kwa mtu, na Jumatatu kuna kuchapa barua.