Kiatu cha Kushoto Kiko Mlimani

Nyumbani kwetu Kiganjo, Mlima Kenya uko mlangoni mwa jikoni. Ukitoka asubuhi ya Januari kumwaga maji ya vyombo unauona wote, Batian na Nelion zimechongoka kama meno mawili ya mwisho ya mzee. Mama husema alipoolewa hapa theluji ilikuwa shuka. Siku hizi ni leso, tena leso iliyotoboka. Ikifika saa nne mawingu yanaufunika na kila mtu anarudi kwa ng'ombe wake. Kwa miaka thelathini na minane hilo lilinitosha. Ndiyo maana nilipomwambia Mama kwamba Ijumaa naenda kuupanda, aliweka mwiko chini akanitazama kama siku ile nilipoleta matokeo ya hesabu ya darasa la saba.

"Kwani umepotea, ndiyo mwende kuutafuta?"

Balaa lenyewe lilianzia kwenye mbio. Tulikuwa wanne: Mwalimu, anayefundisha historia, Mhasibu, anayeshika vitabu vya chama chetu, Daktari, ambaye wagonjwa wake wote wana kwato, na mimi. Kila Jumamosi tulikuwa tukikimbia njia za mashambani, tukipanda vilima na kuruka mitaro, eti kupunguza vitambi. Lakini Kiganjo si mahali pa mwenye kitambi kukimbilia. Hapa ndipo kilipo chuo cha polisi, na makurutu hupita barabarani alfajiri wakiimba. Kipchoge Keino mwenyewe aliwahi kuwa mkufunzi wa mazoezi hapa, na mwaka 1968 akaenda Mexico akarudi na dhahabu ya mita 1,500. Watu wa hapa wanajua mbio zinavyoonekana. Jumamosi moja tulimpita bibi mmoja aliyebeba kuni (sina hakika ni sisi tuliompita), akasimama, akatuchunguza mmoja mmoja, kisha akauliza kwa huruma ya kweli, "Siku hizi serikali inaandika hata wazee?"

Mhasibu aliumia sana. Akasema tunahitaji jambo la kutupa heshima, na Mwalimu, ambaye hajawahi kukosa mfano, akatuletea Waitaliano.

Mwaka 1943, alisema, Waingereza walikuwa na kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki. Mfungwa mmoja, Felice Benuzzi, aliutazama mlima huu kupitia seng'enge mpaka akachoka kuutazama. Akawashawishi wenzake wawili, Balletto na Barsotti. Wakatengeneza vyuma vya kukanyagia barafu kutokana na mabati chakavu, wakabana chakula kidogo kidogo, na ramani yao ikawa picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Wakatoroka. Barsotti aliugua, akabaki chini. Wale wawili walijaribu Batian wakashindwa, wakapanda kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya Italia, kisha, na hapa Mwalimu huwa anasimama kabisa, wakarudi kambini wenyewe kwa miguu kujisalimisha. Walihukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao. Mkuu wa kambi akaridhika na siku 7, kwa kuwa hata yeye aliona kuwa wamecheza vizuri.

"Wafungwa wenye njaa!" Mwalimu akamaliza. "Na sisi tuna Probox."

Probox ilitufikisha Naro Moru tukiwa tisa ndani, wawili wakiwa kuku. Hapo tulikutana na mwongozaji wetu, mzee mkavu mwenye koti la mvua na gambuti, ambaye tangu mwanzo hatukuthubutu kumwita jina lingine ila Guka, yaani babu. Alitazama viatu vyetu vipya vya mbio. Vyangu vilikuwa vya rangi ya chungwa, vimekula posho ya miezi miwili. Hakusema kitu. Alikwenda nyuma ya duka akarudi na gambuti nyingine za mwanawe, akazifunga kwenye mzigo wake.

Tulipovuka lango la mbuga tukaanza kukimbia, maana ndivyo tulivyokuwa tumeagana. Tulikimbia labda dakika sita. Pale ni zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na njia inapanda tu ndani ya mianzi. Guka alitukuta tumejipanga ukingoni kama nguo zilizoanikwa.

"Hizo mbio ziwekeni," alisema akipita na mzigo wa watu wawili. "Mtazihitaji tukikutana na nyati."

Hatukukutana na nyati. Siku ya pili tulikutana na Bogi. Ndivyo wapagazi wanavyokiita kinamasi kile kilichoko juu ya msitu, na kosa lake ni kwamba hakikulala chini kama vinamasi vingine; kimesimama, kimeegemea mlima. Unapanda na huku unazama. Nyasi zimekaa vichuguu vichuguu, na Guka akatufundisha kurukia kichuguu hadi kichuguu. Daktari aliruka kama mbuzi. Mwalimu alivuka akisimulia. Mimi nilikosea kwa kiasi cha vidole vinne. Mguu uliingia hadi gotini, nikauvuta, ukatoka na soksi. Tulichimba kwa mikono, kwa fimbo, kwa kifuniko cha sufuria. Tope lilitoa sauti ya mtu aliyeshiba. Guka akafungua mzigo bila neno na kunipa gambuti ya kushoto. Mimi navaa namba nane, mwanawe anavaa kumi na moja. Toka hapo nikaendelea, mguu mmoja wa mwanariadha, mwingine wa mkamuaji, na kila hatua ya pili ilikuwa ikipiga kofi.

Kambi ya Mackinder iko kwenye mita 4,200 hivi, chini ya vilele, na ni hapo Mhasibu alipofunua bajeti ya chakula. Wapandaji wengine walikuwa na tambi za dakika tatu. Yeye alikuwa amepiga hesabu na kugundua kuwa chakula rahisi kuliko vyote kwa kila mtu kwa kila siku ni githeri. Alikuwa amebeba kilo tatu za mahindi na maharagwe makavu, kutoka ghala la mama yangu, ambaye aliyatoa akidhani ni ya shule.

Maji yalitokota upesi tukashangilia. Saa ya kwanza ikapita. Ya pili tukaonja, jino la Daktari likalia. Ndipo Mwalimu wa historia alipokumbuka fizikia: huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka kabla hayajapata moto wa maana, kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100. Yanaruka ruka tu, kelele nyingi, kama mikutano ya chama chetu. Saa ya tatu mtungi wa gesi ukaisha. Maharagwe yalikuwa yamebadilika rangi tu. Tukageukia mfuko wa maandazi tuliyokuwa tumeyawekea kileleni, tukamkuta pimbi mnono amekaa ndani yake. Wataalamu wanasema pimbi na tembo ni ndugu wa karibu. Kwa ukubwa huwezi kuamini. Kwa kula, unaamini. Guka alitugawia ugali wake wa jana na sukuma, akatazama pembeni tukila, kama mtu anayewasitiri wageni.

Saa nane ya usiku alitugongea. Baridi ilikuwa ile inayoingia hadi kwenye mawazo. Kabla ya kuondoka Guka huuliza kila mtu swali moja dogo, naye Mhasibu aliulizwa tuko wangapi. Mhasibu alitumulika na tochi. "Saba," akasema. Akahesabu tena kwa makini. "Sita, tukiondoa mimi." Daktari akamshika kidevu, akamtazama ufizi na macho, akatangaza kwamba ugonjwa huu wa mwinuko anaujua, hata ng'ombe huupata, na dawa ni kumshusha malishoni. Alimfunika blanketi, na kulipokucha wakaanza kuteremka polepole. Mhasibu anadai hadi leo kwamba hakufundishwa kuhesabu gizani.

Tukabaki Mwalimu, Guka, mimi na gambuti. Ule mteremko wa changarawe siusimulii. Nilikuwa nikipanda hatua mbili na gambuti ikirudi moja. Kulipoanza kupambazuka tulishika mwamba wa mwisho, na Guka akasema, kwa sauti ya kondakta, "Lenana. Mita 4,985." Tulikuwa tumefika, na hapakuwa na kitu. Ukungu mbele, ukungu nyuma. Ile Kenya nzima tuliyoahidiwa ilikuwa imefunikwa kama sufuria. Simu yangu, iliyokuwa na chaji zaidi ya nusu, ilikufa kwa baridi nilipoitoa mfukoni. Ya Mwalimu ilipiga picha moja, nayo ikafuata.

Mwalimu alisimama wima. Hapa, alisema akitetemeka, Benuzzi alisimika bendera yake. Hapa, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya usiku wa uhuru. Akajipapasa mifuko yote akitafuta kitu cha kusimika, akapata leso, akaitazama, akaitumia kwa kazi yake na kuirudisha. Mimi sikujipapasa. Alama yangu nilikuwa nimeshaiacha chini, futi moja ndani ya Bogi.

Nilifika nyumbani Jumatatu nikipiga kofi kila hatua ya pili. (Guka aliniambia gambuti nitamrudishia nikipita.) Mama alivaa miwani kuitazama ile picha ya Mwalimu kwenye simu, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Huku ni wapi?"

"Kileleni, Mama."

"Naona gambuti."

Kisha akanishika mkono mpaka mlangoni mwa jikoni, akanionyesha kwa mwiko. "Jana alfajiri nilisimama hapa. Ulikuwa wazi wote, tangu chini mpaka juu, sijauona hivyo tangu Krismasi. Kulikuwa tu na kawingu kamoja, kamekaa pale juu kama kofia. Nikasema, mwanangu leo anaona mpaka Mombasa. Nikakupungia."

Nilikuwa ndani ya hiyo kofia. Sikumwambia. Tayari alikuwa ameshafungua mkoba wangu na kukuta githeri yake, mbichi kama alivyoitoa, isipokuwa sasa ilikuwa na unyoya wa pimbi. Akaiosha mara tatu, akaongeza kuni, akaibandika. Saa saba mchana ilikuwa imeiva, na akina Mhasibu walikuwa wamekwisha sikia harufu.