Msaragambo wa Mtu Mmoja

Sisi tunaoishi Same mjini mvua tunaitazama ikinyesha kwa wenzetu. Milima ya Upare huizuia huko juu. Chome na Vudee wanalowa, huku chini tunabaki na upepo na vumbi. Ndiyo maana nyumba yetu ina gata na simtanki la lita 2,000.

Upepo ndio ulioanzisha kesi. Mwezi Juni bati moja lilianza kupiga makofi usiku. "Baba watoto, msumari umelegea," alisema mke wangu. Nikasema Jumamosi. Julai gata likajaa majani ya mwarobaini. Jumamosi. Agosti ndege akajenga kwenye bomba la kushushia maji tankini. Nikajitetea kwamba ana makinda. Oktoba nilimpigia fundi, akasema yuko njiani. Njia yenyewe sijui inapita wapi.

Novemba, saa nane usiku, vuli ikafika. Maji yakaliruka gata, mengine yakapenya tundu la msumari, yakatua darini, kisha kitandani. Mke wangu hakunitajia methali ya ufa. Alinipa beseni. Hadi alfajiri sakafuni palikuwa na mabeseni mawili, ndoo, na sufuria iliyokuwa ya makande. Nilipoligonga tanki, lililia kama ngoma.

Asubuhi binti yetu wa darasa la sita akafungua daftari. Paa letu ni mita za mraba 80, na milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. "Ikiwa imenyesha milimita 20, baba, tumepoteza lita 1,600." Madumu themanini!

Baba mkwe alishuka kutoka Vudee. Nikamwamkia, akaisikiliza kesi mpaka mwisho. Wapare tunasingiziwa kuuza ng'ombe ili tushtakiane kwa kuku. Yeye alihukumu bure.

"Mwanangu, ndiva yetu, lile bwawa la kijiji, waliichimba wazee, na bado inamwagilia mashamba. Unajua kwa nini? Tope hutolewa. Msaragambo ukitangazwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Asiyekuja anatozwa faini." Akalitazama bati. "Hapa kwako msaragambo ni wewe."

Nikapanda ngazi. Makinda walikuwa wameruka zamani. Nilizoa majani, nikatoa kiota, nikapigilia misumari saba mipya yenye mpira. Kazi yote ilichukua dakika arobaini.

Faini ni godoro moja. Bado liko juani.